Safari ya Amandina Lihamba, Ikisimuliwa kutoka Garissa

Ibrahima Dieng ni mzee wa Dakar asiye na kazi, mwenye wake wawili na watoto tele. Siku moja tarishi anamletea barua kutoka Paris. Mpwa wake Abdou, anayefagia barabara huko Ufaransa, ametuma hawala ya faranga 25,000: mzee achukue 2,000, mama yake Abdou apewe 3,000, na 20,000 zilizobaki zitunzwe mpaka kijana arudi. Kabla mzee hajafika posta, mtaa mzima umeshajua. Mwenye duka anakumbusha deni lake, majirani wanakuja kukopa. Posta wanataka kitambulisho. Polisi wanataka cheti cha kuzaliwa, picha na stempu. Manispaa wanataka tarehe aliyozaliwa, na tarehe hiyo hana. Anazunguka siku nenda siku rudi, mpiga picha anamla pesa zake, na mwisho anatia saini karatasi ili jamaa mmoja msomi amchukulie fedha. Jamaa anazichukua, kisha anadai ameibiwa.

Kisa hicho kiliandikwa kwa Kifaransa na Ousmane Sembène wa Senegal katikati ya miaka ya 1960. Mwaka 1968 mwenyewe alikigeuza filamu, Mandabi, waigizaji wakisema Kiwolofu, na filamu ikapata tuzo maalum ya majaji huko Venice. Mwaka 1980 Tanzania Publishing House ilitoa tamthilia ya Kiswahili iliyotokana na kisa hicho hicho, Hawala ya Fedha. Mtunzi wake alikuwa Amandina Lihamba, mwigizaji na mwalimu wa sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Naanza na mzee Dieng kwa sababu sijui tamthilia nyingine ya Kiswahili inayoisema Garissa hivi bila kuitaja. Mtu aliyekulia Garissa, Wajir au Mandera haelezwi maana ya kutumwa kutoka ofisi hii hadi ile akitafuta karatasi ya kuthibitisha kwamba yeye ni yeye. Novemba 1989 serikali ya Kenya iliamuru Wasomali wote nchini wapigwe msasa, na waliopita wakapewa kadi nyingine ya kubeba pamoja na kitambulisho. Kwa miaka mingi baada ya hapo, kijana wa huku aliyetimiza umri wa kuchukua kitambulisho alifika mbele ya kamati ya wazee na maafisa, akaulizwa baba, babu na ukoo, akaambiwa alete kitambulisho cha mzazi na barua ya chifu. Wengine walikataliwa kwa sababu alama zao za vidole zilikuwa kwenye daftari la wakimbizi: wakati wa ukame wazazi wao waliwapeleka kambini Dadaab wakapate chakula cha msaada, wakaandikishwa huko, na Ukenya wao ukawa wa kuombwa. Ni Februari 2025 tu ambapo Rais William Ruto, akiwa Wajir, alitia saini tamko la kuondoa msasa huo.

Na pesa zinazotoka ng'ambo, nani asiyezijua huku? Zinatoka Minneapolis, London na Dubai, zinalipa karo, zinanunua maji na dawa. Wauaji walipoingia Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015 na kuua watu 148, siku chache baadaye serikali ilisimamisha leseni za kampuni 13 za kutuma fedha. Mama aliyekuwa akingoja pesa za mwanawe alijikuta amesimama mahali pale pale aliposimama Dieng, na hakuna ofisi ya kumjibu.

Lihamba hakuwa akiiandikia Garissa. Alikuwa akiwaandikia Watanzania ambao, miaka 13 baada ya Azimio la Arusha, walikuwa wameanza kumwona mkubwa wa ofisini akinenepa huku mwananchi akipanga foleni. Lakini mwaka ule ule kitabu kinatoka, Novemba 1980, hapa Garissa mtaa wa Bulla Kartasi uliteketezwa na askari baada ya maafisa wa serikali kuuawa, na wakazi wakazuiliwa kwenye uwanja wa shule ya msingi siku kadhaa bila chakula wala maji. Wazee wanauita mwaka wa Garissa Gubai. Hakuna aliyekuja na tamthilia wakati huo. Hali ya hatari ilikuwa bado sheria kaskazini mashariki, na ilidumu hadi 1991. Nchi mbili jirani, lugha moja ya taifa, na jukwaa liko upande mmoja tu wa mpaka.

Lihamba alizaliwa mwaka 1944, Tanganyika ikiwa mikononi mwa Waingereza. Jukwaa la mjini wakati huo lilikuwa la Wazungu: Dar es Salaam walikuwa na Little Theatre yao, Nairobi wakawa na Donovan Maule, na lugha ilikuwa Kiingereza. Katika miaka ya Azimio la Arusha, Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walianzisha masomo ya sanaa za maonyesho, na kutoka hapo kikatoka kizazi kilichoiandika tamthilia ya Kiswahili upya. Ebrahim Hussein alitoa Kinjeketile mwaka 1969. Penina Muhando, ambaye baadaye tulimjua kama Profesa Penina Mlama, alitoa Hatia mwaka 1972. Hawa walikuwa wasomi waliofundishwa kwa Kiingereza kuanzia shuleni, na wangeweza kuandika kwa Kiingereza wakasomwa Ibadan na London. Waliandika Kiswahili kwa sababu waliotaka wawaone jukwaani walikuwa wanasema Kiswahili.

Wakenya tunapaswa kulitazama hilo kwa uchungu kidogo. Mwaka 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walipoandaa Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu pamoja na wakulima wa Kamirithu, mchezo ulipigwa marufuku, Ngũgĩ akawekwa kizuizini Desemba mwaka huo, na mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Mwaka huo huo wa 1982, ng'ambo ya mpaka, wanawake watatu walitoa tamthilia waliyoiandika pamoja: Harakati za Ukombozi, ya Amandina Lihamba, Penina Muhando na Ndyanao Balisidya. Kuandika pamoja si jambo jepesi. Mtunzi hupenda jina lake lisimame peke yake. Hawa watatu waliigawana kazi kama watu wanaoliandaa onyesho, na katika miaka hiyo Lihamba alifanya kazi kwa namna hiyo tena na tena. Alikuwa pia katika kikundi cha Paukwa, kilichotunga mchezo wa Ayubu uliochapishwa mwaka 1984, wasanii wakichangia mazungumzo na miondoko mpaka mchezo ukaiva. Mwigizaji anayeandika huusikia mstari mdomoni kabla ya kuuona kwenye karatasi, na nadhani ndiyo sababu maandishi ya kundi hili yanatamkika vizuri hata leo.

Ilikuwa pia ndiyo miaka ya Malya. Malya ni kijiji cha Mwanza, katika nchi ya Wasukuma, na mwaka 1982 hadi 1983 Lihamba, Mlama na Eberhard Chambulikazi walikwenda huko na mbinu ambayo Chuo Kikuu kilikuwa bado kinaijaribu. Hawakwenda na mchezo uliokwisha kuandikwa. Walikaa na wanakijiji wakauliza ni tatizo gani linalowaumiza. Likaja la wasichana wa shule kupata mimba na kuacha masomo. Wakachimba: nani anawapa mimba, kwa nini wazazi wananyamaza, kwa nini msichana ndiye anayefukuzwa shule na mwanamume anaendelea na maisha yake. Kisha vijana wenyewe wakatunga maonyesho kwa ngoma na michezo wanayoijua, kijiji kikakusanyika, na baada ya kutazama wakabaki pale pale kujadiliana. Hapo penye majadiliano ndipo palipokuwa na kazi hasa. Mtu aliyezoea ukumbi, mahali ambapo pazia likifungwa watu hupiga makofi na kwenda zao, ilimbidi ajifunze upya kazi yake.

Mwaka 1985 Lihamba alimaliza shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza. Leeds ilikuwa kituo kikubwa cha Waafrika wa tamthilia: Wole Soyinka alipita hapo katika miaka ya 1950, Ngũgĩ katika miaka ya 1960, na Rose Mbowa wa Uganda naye alisomea hapo. Tasnifu ya Lihamba ilihusu siasa na maonyesho nchini Tanzania tangu Azimio la Arusha mwaka 1967 hadi 1984. Katika miaka hiyo karibu kila sherehe ya kitaifa ilikuwa na ngonjera, kwaya na vichekesho vya kusifu, na vikundi vya utamaduni viliundwa hadi viwandani na jeshini. Lihamba mwenyewe alikuwa ndani ya historia hiyo kama mwigizaji na mtunzi, na sasa aliiandika kwa Kiingereza ili wasomi wa nje waijue. Kuanzia hapo lugha zake mbili ziligawana kazi: Kiswahili cha jukwaani na vijijini, Kiingereza cha makongamano na majarida. Mwaka 1992 ilitoka tamthilia yake nyingine ya Kiswahili, Mkutano wa Pili wa Ndege. Jina lake lilijulikana Ulaya na Marekani, naye hakuihamisha kalamu yake ya ubunifu.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu vijana wengi wa huku wanaotamani uigizaji huamini kwamba njia ya kufika mbali ni kuiacha lugha ya nyumbani kwanza. Hawakosi sababu. Katika tamasha la kitaifa la drama la shule, mtoto wa Garissa anaingia na lugha mbili za kujifunza darasani, Kiingereza na Kiswahili, wakati lugha anayochekea na kulilia nyumbani ni Kisomali. Na Kisomali chenyewe kina jadi ya maonyesho ambayo watu wa nje hawaijui vya kutosha. Ukumbi wa taifa wa Mogadishu ulifunguliwa mwaka 1967, umejengwa kwa msaada wa China. Hassan Sheikh Mumin aliuonyesha mchezo wake wa Shabeelnaagood katika miaka hiyo hiyo ya 1960, kabla Kisomali hakijapata hati rasmi ya kuandikia mwaka 1972. Waigizaji walishika mashairi yote kwa kichwa. Michezo ya namna hiyo ilivuka mpaka kwa redio na kwa kanda za kaseti, ikasikilizwa madukani na ndani ya malori. Wazee wa Garissa walikuwa na tamthilia masikioni, ingawa mjini hapakuwa na ukumbi wa kuitazama. Mtoto wa mzee kama huyo akipanda jukwaani haanzi na mikono mitupu.

Kwenye filamu Lihamba alifika mapema. Mwaka 1985, mwaka wa tasnifu, ilitoka filamu fupi Arusi ya Mariamu, iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge wa Tanzania na Ron Mulvihill wa Marekani, naye akiwa miongoni mwa waigizaji. Ni hadithi ya mwanamke mgonjwa anayeogopa waganga wa jadi huku hospitali ikiwa imeshindwa kumponya. Lakini uigizaji wake uliofika mbali zaidi ni ule wa Maangamizi, filamu ndefu ya mwaka 2001 ambayo Mulvihill aliiongoza pamoja na Martin Mhando.

Humo Lihamba ni Samehe, mgonjwa katika hospitali ya magonjwa ya akili, mwanamke aliyenyamaza kwa miaka. Anakuja daktari Mmarekani mweusi, Asira, anayeigizwa na Barbara-O, yule aliyejulikana kwa filamu ya Julie Dash, Daughters of the Dust. Daktari ana Kiingereza, elimu na mafaili. Mgonjwa ana kimya, na ana Maangamizi, mzimu wa bibi mkongwe anayemjia, ambaye ameigizwa na Mwanajuma Ali Hassan. Filamu inakwenda kwa Kiingereza na Kiswahili. Fikirieni ni mzigo gani anaobebeshwa mwigizaji hapo. Mtu aliyeishi kwa maneno, mtunzi, mhadhiri, anaambiwa aseme kwa shingo, kwa macho, kwa jinsi anavyokaa kitandani, mbele ya mwenzake mwenye hoja zote mdomoni. Mwigizaji hafifu angelifanya kimya hicho kuwa upungufu. Kwa Lihamba kimya cha Samehe kinamlazimisha daktari aliyesoma kuanza upya kujiuliza ametoka wapi. Samehe anaanza hadithi akiwa mgonjwa, na kadiri inavyosogea yeye ndiye anayemwongoza mwenzake.

Tanzania iliipeleka Maangamizi kuwania tuzo ya Oscar ya filamu za lugha za kigeni, mara ya kwanza kwa nchi hiyo kushiriki. Haikuingia katika orodha ya mwisho. Kwa filamu iliyotengenezwa kwa miaka mingi na pesa za kuungaunga, kufika tu kwenye meza ile kulikuwa jambo kubwa, na mwanamke wa Mlimani aliyeanza na michezo ya Kiswahili alikuwa katikati ya picha.

Mwaka 2007 alirudi kwenye kazi ya pamoja, safari hii kama mhariri. Kitabu cha Women Writing Africa, juzuu ya kanda ya mashariki, kilichapishwa New York na Feminist Press, na wahariri wake walikuwa Lihamba, Fulata Moyo, Mugyabuso Mulokozi, Naomi Shitemi na Saïda Yahya-Othman. Kilikusanya sauti za wanawake wa Kenya, Malawi, Tanzania, Uganda na Zambia: barua, hotuba, nyimbo, ushahidi wa mahakamani. Andiko la zamani kuliko yote humo ni barua ya Kiswahili ya mwaka 1711, ya Sultani Fatima binti Muhammad wa Kilwa. Msomaji wa Chicago aliyedhani wanawake wa Afrika Mashariki walianza kuandika walipojengewa shule za misheni alipata jibu lake katika kurasa za kwanza. Kazi ya namna hii haina makofi. Ni kutafuta, kupata ruhusa, kutafsiri, kubishana juu ya neno moja alasiri nzima, na inataka watu wanaozimudu lugha zote mbili bila kuionea haya hata moja.

Nimeiacha Tuseme nyuma kwa makusudi, ingawa kwa tarehe ilitangulia Maangamizi na kitabu. Mradi huo ulianzishwa mwaka 1996 na Mlama na Lihamba katika idara yao ya sanaa, na mizizi yake iko Malya. Walichukua mbinu ya kijijini wakaiingiza katika shule za sekondari, kwa wasichana. Hatua zake ni hizi: wasichana wanakaa kwenye warsha na kutaja wenyewe kinachowazuia kusoma na kuishi kwa heshima, wanalichambua kila tatizo mpaka watambue mzizi wake, wanatunga onyesho kwa igizo, wimbo, ngoma au shairi, wanalionyesha mbele ya walimu, wazazi na viongozi, baada ya onyesho wote wanajadiliana, kisha panatoka mpango wa nini kifanyike na nani akifanye, na klabu ya shule inafuatilia. Aliyepata mimba, aliyeombwa ngono na mwalimu, anayelala njaa bwenini, kila mmoja ana mahali pa kulisema kwa mdomo wa mhusika, bila kuinyooshea familia yake kidole hadharani.

Shirika la FAWE, lililoundwa mwaka 1992 na kuwa na makao yake Nairobi, liliichukua Tuseme na kuieneza katika nchi kadhaa za Afrika, na Mlama mwenyewe akaliongoza shirika hilo. Kwa maoni yangu hii ndiyo kazi ya Lihamba iliyosafiri mbali kuliko zote. Hakuna tiketi iliyokatwa wala bango lililobandikwa. Wasichana wa Kenya, wa Rwanda na wa Senegal wameigiza maisha yao wenyewe kwa utaratibu uliotoka Mlimani, na wengi wao hawajapata kulisikia jina la Amandina Lihamba.

Kaskazini mashariki utaratibu huo una kazi ya kufanya. Msichana wa hapa anatolewa shule aolewe wakati wa ukame, mahari ikisaidia familia iliyopoteza mifugo. Anakeketwa mdogo, na anaambiwa ni aibu kulitaja. Anapofika bwenini, mathalani shule ya NEP Girls hapa mjini, anakuta wenzake wa Ijara, Balambala na Hulugho wenye kisa kama chake, kila mmoja akidhani ni wake peke yake. Kampeni zimekuja na mabango ya Kiingereza na wasemaji kutoka Nairobi, na wazee wamekaa mstari wa mbele, wamesikiliza kwa adabu, wamekwenda zao. Onyesho ambalo binti zao wenyewe wamelitunga, kwa Kisomali panapouma na kwa Kiswahili panapohitajika kumfikia afisa wa serikali, wangelisikiliza vingine, na baadaye wangetakiwa wajibu.

Mwalimu wa drama wa kaunti hii anayetaka kujaribu hahitaji ukumbi wala taa. Anahitaji wanafunzi 20 au 30, alasiri kadhaa za Jumamosi, mwalimu wa kike wanayemwamini, na idhini ya mkuu wa shule kwamba yatakayosemwa hayatamletea msichana yeyote adhabu. Asiende na hati iliyokwisha kuandikwa. Wasichana watataja wenyewe, na jambo la kwanza watakalolitaja huenda likawa dogo kuliko alivyotarajia: maji ya kuoga, sodo, mlango wa choo usiofungika. Aanze na hilo.